Nyota Moja kwa Daktari wa Chumba Namba Nne

Nje ya geti, kwenye meza yenye mwavuli
4 Aprili

Kwa Daktari wa Chumba Namba Nne,

Shikamoo Daktari, kama umenizidi umri. Kama hujanizidi nirudishie, mimi sipotezi salamu ovyo.

Mimi ndiye yule mwenye meza nje ya geti la hospitali yenu, wananiita Fundi Nyota. Jana mlinzi amenijia na ujumbe: "Daktari wa namba nne anasema uondoe meza, unawaharibia kazi." Nikamwambia, mimi na meza hii tumeoana, hatuachanishwi kwa kutumiwa mtu. Aje mwenyewe au aandike. Mlinzi akasema wewe huji nje, na mimi haniruhusu kuingia ndani kama siumwi. Basi nimeanza mimi kuandika. Nimesoma mpaka darasa la nne. La tano lilinisubiri mpaka likachoka likaenda zake. Ukikuta neno limevunjika lifunge bandeji, si ndiyo kazi yenu.

Kazi yangu ni hii. Kuna ukurasa kwenye mtandao ambapo wagonjwa wanawapa madaktari nyota, moja mpaka tano, na maneno mawili matatu. Wengi wanaotoka humo ndani hawawezi kuandika kwenye simu, au macho hayaoni herufi, au hasira imewazidi vidole. Wanakaa kwenye stuli yangu, wanasema, naandika, kila mtu kwa namba yake ya simu. Siongezi chumvi. Mtu akitukana naandika "hakuridhika".

Sasa tuongee ukweli. Daktari wa namba mbili ana nyota nne nukta tisa. Wanamwita Daktari Sindano, anachoma kila anayepita mlangoni, nadhani hata mlango wenyewe ameshauchoma. Wewe una moja nukta tano. Unajua wanakuitaje? Daktari Hapana. Mtu kaomba dawa kali ya mafua, hapana. Kaomba cheti apumzike kazini siku tatu, hapana. Kaomba sindano, hapana.

Na wa kwanza kabisa kukupa nyota moja ni mama yangu mzazi. Alikuja kwako na goti, akatoka analia. Mama yangu halii hovyo, Daktari. Siku tulipomzika baba alilia mara moja, akafuta uso, akauliza kama watu wamekula. Lakini kwako alitoka analia, akakaa kwenye stuli akasema, "Andika nyota moja. Kama kuna nusu, andika nusu."

Kwa hiyo meza haiondoki. Ukitaka kujitetea, ule ukurasa una mahali pa daktari kujibu. Jibu pale, dunia isome.

Wako,
Fundi Nyota, mtoto wa mwenye goti


Chumba Namba Nne
6 Aprili

Kwa mwenye meza ya nje ya geti,

Sijibu kwenye mtandao, wala sitajibu. Nakueleza sababu mara moja ili tusisumbue tena mlinzi.

Mtu akiandika kwamba nilimnyima dawa, jibu langu limo kwenye faili lake, na faili lake si mali yangu ya kutangaza. Nikisema "nilimnyima kwa sababu hii", nimeshamwanika. Hata kusema kwamba nimewahi kumwona siruhusiwi. Kwa hiyo kwenye ngumi hizi mmoja anapiga, mwingine amefungwa mikono, na wewe unakodisha viti kwa watazamaji.

Tena wanaosema ni watu arobaini na nne. Mimi naona wagonjwa hamsini kwa siku. Wale wanaopona wanarudi kazini kwao, hawana muda wa kukaa kwenye stuli yako. Na anayekufurahisha na anayekuponya si lazima awe mtu mmoja.

Madaktari wote wa hapa tumemwandikia mwenye hospitali kupinga jambo hili. Kuanzia Jumatatu kila mgonjwa atapewa karatasi pale mapokezi, aweke saini kwamba hatatuandika mtandaoni. Saini yangu imo kwenye ombi hilo.

Kuhusu mtu uliyemtaja, sina la kusema.

Daktari


Nje ya geti
10 Aprili

Daktari,

Shikamoo yangu hukuitikia. Nimeiandika kwenye deni.

Karatasi yenu imenifikia kabla hata wino haujakauka. Nimesimama nayo juu ya stuli nikawasomea watu, taratibu, maana imejaa maneno marefu kama treni. Dereva mmoja wa lori akauliza, "Nikisaini hiyo, kuota ndoto juu ya daktari naruhusiwa?" Watu wakacheka mpaka mlinzi naye akacheka, akajifanya anakohoa.

Mimi sikucheka sana. Mtu anaumwa jino, Daktari, karatasi yoyote utakayomwekea ataisaini, hata ya kukuuzia nyumba yake. Hiyo saini gani? Juzi nilikuwa nabishana nawe kwa utani. Leo nabishana kwa moyo wote. Nimeongeza stuli ya pili. Na nakwambia, kama madaktari mnaogopa midomo ya wagonjwa, basi mtibu mawe.

Halafu lile la mama yangu umelikwepa. "Sina la kusema." Mwanamke wa miaka sitini na saba analia barabarani, wewe huna la kusema! Kama una sababu, itoe. Kama huna, nyota moja imekutosha.

Fundi Nyota


Chumba Namba Nne
4 Mei

Fundi,

Karatasi ya saini imeondolewa. Niliomba mimi iondolewe. Ulisema kweli kuhusu mtu mwenye maumivu.

Lakini mwenye hospitali, baada ya kuitupa karatasi yetu, ameamua kutumia nyota zenyewe. Kuna kikao tarehe 30 Juni, saa nne asubuhi. Daktari atakayekuwa chini ya nyota tatu siku hiyo hataongezewa mkataba. Nakueleza ili ujue meza yako sasa inapima nini. Sikuombi huruma.

Nakuuliza swali moja la kazi, fundi kwa fundi. Dirisha langu linatazama stuli yako. Mgonjwa anatoka kwangu, anapita mapokezi, anafika kwako. Nimepima kwa saa: dakika sita. Mtoto wa mafua ninayemnyima dawa kali hupona siku ya tano. Wewe unamwandika mama yake dakika ya sita, amekasirika, mtoto bado anapiga chafya. Anayechomwa sindano naye unamwandika dakika ya sita, wakati ganzi bado ni tamu.

Unamwuliza mtu kama chakula kimemkaa vizuri tumboni, naye bado ananawa mikono.

Daktari


Nje ya geti
8 Mei

Daktari,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, ya pili nikatafuta pa kukujibu, ya tatu nikakunja mwavuli nikaenda nyumbani mapema. Mlinzi akaniuliza, "Unaumwa?" Nikamwambia ndiyo, nimechomwa na mtu asiyechoma.

Nikasema nianze na wa kwanza. Nikamkuta Mama anakunja nguo kitandani. Nikamwambia, "Mama, leo nauliza upya. Ile nyota moja bado unaitaka?"

"Ile ile."

"Mwezi umepita, Mama. Goti likoje?"

"Yule wa namba mbili alinichoma. Wiki mbili nilitembea kama msichana. Sasa limerudi na ndugu zake."

"Na huyu wa namba nne, alipokukatalia, alikwambia nini hasa?"

Akakunja shati moja. Akalikunjua. Akalikunja tena.

"Alisema sindano ile na sukari yangu haviendani."

"Sukari gani, Mama?"

Akauvuta mto, akaufumua, akatoa kadi ya kliniki. Miaka mitatu ana sukari. Miaka mitatu! Kadi alikuwa ameishonea humo ndani. Nikamwuliza kwa nini, akasema, "Nyie watoto wangu mna midomo. Mngenihesabia vijiko." Na baada ya ile sindano ya namba mbili alizunguka na kizunguzungu siku nne, akatuambia ni jua.

Kwa hiyo ulikuwa unajua. Nilikutukana kwa barua mbili, nikakwambia toa sababu, na sababu ulikuwa nayo mkononi, ukaishikilia, na nyota zako zinadondoka. Kama ningekuwa mimi ningeitangaza kwa kipaza sauti.

Wala usinijibu hili, najua huruhusiwi.

Sasa nisikilize. Meza nimeibadilisha sheria. Mtu akitoka nampa kikaratasi chenye tarehe, arudi baada ya wiki mbili, ndiyo aseme. Wananung'unika, wengine wamenihama. Waende. Na wale wa zamani, waliokupa nyota moja, ni thelathini na nane. Namba zao ninazo. Nitawafuata mmoja mmoja mlangoni kwake. Kosa nimelifanya mimi kwa kidole changu hiki, nitalifuata kwa miguu yangu hii.

Fundi Nyota


Chumba Namba Nne
9 Mei

Fundi,

Sijui unamzungumzia nani katika barua ya jana. Kwa jumla tu, mtu mwenye sukari ambaye nyumba nzima inajua hali yake huishi vizuri kuliko anayejificha. Asubuhi atembee, polepole, na asiende peke yake.

Kuhusu mpango wako: usiniandikie nyota ya uongo hata moja. Usimbembeleze mtu, usimtishe, usimwambie habari ya mkataba wangu. Nimepinga ukurasa ule kwa sababu ya uongo wake. Siwezi kuokolewa nao kwa uongo mwingine.

Daktari


Nje ya geti
20 Juni

Daktari,

Viatu vimekwisha, mimi bado.

Nimewazungukia wote. Wawili wamehama, hakuna anayejua walikoenda. Wengine wote nimewakuta na nimewauliza swali lilelile, bila kuongeza hata pumzi: "Siku ile ulisema nyota moja. Leo unasemaje?" Kuhusu mkataba sikugusa, ingawa ulimi uliniwasha mpaka nikaung'ata.

Mwashi mmoja alikuwa juu ya jukwaa anapiga plasta. Akanijibu huko huko juu, "Kile kifua? Kiliondoka chenyewe, nilishamsahau hata huyo daktari! Mpe tatu!" Fundi cherehani akasema mwanawe alipona siku uliyosema atapona, sio kabla wala baada, akashangaa kama umeona kwa ramli. Akatoa tano. Kijana wa cheti cha kupumzika yeye akaona haya, akasema, "Bro, nilikuwa na mechi." Akatoa nne. Ishirini na watano wamebadilisha, kila mtu kwa mdomo wake.

Sasa la pili, na hili lipokee ukiwa umekaa. Kumi na moja wamekataa kubadilisha. Na si kwamba hawajapona. Wengine wamepona kabisa, wanaruka mbele yangu kunionyesha. Nyota moja wanaiacha palepale, na sababu yao ni moja kama wamekaa kikao: hukuwatazama.

Fundi saa, yule mzee wa duka la kona, ameniambia hivi: "Nilimweleza mgongo wangu dakika saba nzima. Alikuwa anaandika. Aliinua macho mara moja tu, kutazama saa ya ukutani nyuma yangu. Na ile saa ilikuwa mbovu, mimi niliiona nilipoingia." Mama mmoja muuza vitambaa akasema, "Aliiambia karatasi hapana. Mimi niliyekuwa nimekaa pale hakuniambia kitu."

Wa kumi na moja ni mama yangu. Sukari sasa tunaijua wote, sindano ameacha, asubuhi tunatembea wote wawili mpaka kwenye daraja na kurudi, ananitangulia kwa makusudi. Anakiri ulisema kweli. Lakini nyota hatoi. "Nimemzaa mkubwa kuliko yeye," anasema, maana kaka yetu wa kwanza amekuzidi. "Nimeingia chumbani kwake hata shikamoo hakunipa."

Nimekuletea kama yalivyo. Nilikuandikia mabaya bila kuyachuja, haya nayo siyachuji.

Fundi Nyota


Chumba Namba Nne
22 Juni

Fundi,

Marahaba. Nimechelewa miezi miwili na nusu. Mlinzi ameniambia umri wako, nimekuzidi kwa miaka minne.

Barua yako niliisoma mchana mlango ukiwa umefungwa. Mwanzoni nilitaka kukujibu kwa hesabu: wagonjwa hamsini, dakika saba kila mmoja, nikiinua macho kwa kila mtu, yule wa mwisho atakuta giza. Nikaiandika hesabu hiyo yote. Halafu akaingia mgonjwa, na nilipomaliza naye nikajiuliza alikuwa amevaa rangi gani. Sikujua.

Tulipopinga ukurasa ule tulisema wagonjwa hawajui kupima utabibu. Bado nasema hivyo. Lakini hawa kumi na moja hawakupima utabibu. Walipima kitu walichokuwa wanakijua kuliko mimi.

Nimeanza. Ni kazi ngumu, najikuta nimeinamia karatasi katikati ya neno. Ile saa nimeitoa ukutani.

Kwa mama yako nitakuja, lakini si kabla ya tarehe 30. Nikija sasa nitakuwa nimefuata nyota, na yeye atajua. Mimi pia nitajua.

Daktari


Nje ya geti
30 Juni, saa tatu asubuhi

Daktari,

Mlinzi nimemwambia akimbie, kwa hiyo naandika kifupi.

Nimejumlisha mara nne. Una mbili nukta tisa. Watu ni walewale arobaini na nne, maana wako wa vikaratasi wakipona hawarudi, na imebaki nyota nne tu kufika tatu kamili. Mama peke yake, akitoka moja kwenda tano, umepita.

Mama amekataa tena leo asubuhi. Amekunja mikono kabisa.

Lakini simu yake ninayo mimi. Ameniachia niitie chaji. Iko hapa mezani, ukurasa uko wazi, nyota tano zinanitazama. Kidole kimoja tu, Daktari. Kikao ni saa nne. Yeye hajui kufungua ule ukurasa, hatajua mpaka anakufa. Sema neno moja.

Fundi Nyota


Chumba Namba Nne
30 Juni, saa tatu na nusu

Fundi,

Hapana.

Nina wagonjwa wanne kwenye benchi, nataka niwaone wote kabla ya saa nne.

Daktari


Nyumbani
15 Julai

Mwanangu Daktari,

Anayeandika ni huyu mwanangu, lakini maneno ni yangu. Nimemwambia akitia utani wake humu nitamchapa, ana miaka thelathini na nane.

Nimesikia umefika salama huko kwenye hicho kituo kipya cha afya na wamekupa chumba kimoja kisicho hata na pazia. Pazia nimeshashona.

Nataka nikwambie mambo ambayo siku ile sikukwambia. Tarehe moja ulipogonga mlango, kazi umeshanyang'anywa jana yake, nilikuona nikasema moyoni, huyu amekuja kunilaumu. Nikajiandaa. Ukaniamkia. Ukavuta kile kigoda ukakaa chini yangu, ukalishika goti langu kwa mikono miwili, ukanitazama usoni, ukauliza linauma zaidi nikipanda ngazi au nikishuka. Miaka yote ya goti hili hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikishuka, nikakwambia. Halafu nikakuomba sindano, kukujaribu tu. Ukasema, "Hapana, Mama." Safari hii ile hapana ilikuwa na uso.

Ulipoondoka nikamwita huyu, nikamwambia andika tano. Akafungua simu akatafuta, jina lako wameshalitoa. Akanitazama kama mimi ndiye niliyelifuta. Hakukosea sana.

Sikuombi msamaha kwa ile nyota. Siku ile nilikupa ulichostahili, na wewe umeniambia hivyo hivyo. Msamaha ninaokuomba ni wa sukari. Nilikuwa nakusema barabarani, na wewe umenifungia siri yangu mdomoni mpaka ikakutoa kazini. Ningesema mimi neno moja kwa wanangu, huyu asingeanza hata kukuandikia. Nimelia kwa hilo, mara moja, yatosha.

Sasa nisikilize. Mwenye hospitali nimemwendea. Nimekaa mapokezi kwake siku mbili, ya tatu akanipokea. Ameniambia kikao kimeshakwisha na namba ni namba. Sawa. Namba yake abaki nayo, atibiwe nayo.

Wale kumi wenzangu waliokataa kubadilisha, nimewakusanya hapa uani kwangu jana. Nikawaeleza ulivyokuja na lini ulikuja. Fundi saa akauliza tarehe mara mbili. Nilipomwambia ilikuwa baada ya kikao, akavua miwani akaipangusa muda mrefu. Muuza vitambaa akasema, "Basi tunafanyaje?" Nikawaambia mimi najua ninachofanya, goti ni langu.

Tumekodi gari dogo, huyu mwanangu amebishana na dereva mpaka dereva ameomba poo. Ni mwendo wa saa tatu mpaka hapo kwako, na mwili wangu hauogopi saa tatu. Jumatatu tunakuja, na kila mwezi Jumatatu ya kwanza tutakuja, mpaka uzeeke wewe au tufe sisi. Huyu anataka kuja na meza yake. Nimemwambia aje, lakini aiweke mbali, watu wafike kwake wameshapumua.

Hatuji na nyota, mwanangu. Tunakuja na magoti manne, migongo mitano, na vifua viwili. Tupangie foleni.

Mama yake Fundi Nyota